Konokono Aliyezunguka Kushoto

Liborio alizaliwa mashoto, na shangazi yake Brigida aliliona jambo hilo sawasawa na chawa: si kosa la mtoto, lakini mtoto haachwi nalo. Mama yake Liborio alikufa mapema, baba alikuwa mtu wa meli zinazobeba ndimu kwenda nchi za baridi, kwa hiyo mwenye neno la mwisho pale nyumbani alikuwa shangazi. Kila alasiri, saa ya kujifunza kuandika, alivua soksi moja, akaufunga mkono wa kushoto wa Liborio kwenye mguu wa kiti, akamtia chaki katika ule wa kulia.

"Mkono huo ni wa shetani," alimwambia.

"Basi shetani ana mwandiko mzuri kuliko mimi," Liborio akajibu, akala kofi lake, akaendelea kuandika.

Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Shangazi Brigida hakuwahi kuusikia msemo huo, ila aliutimiza kuliko sisi tunaousema kila siku. Na samaki alikunjika, maana Liborio alipata mkono wa kulia wenye adabu, wenye mwandiko ulionyooka kama wa karani wa mahakama, mwandiko usio na furaha hata chembe. Lakini ule wa kushoto haukufa, ulikuwa umejificha tu. Shangazi akitoka kwenda kisimani, Liborio aliunyoosha juu ya unga uliomwagika mezani, na mkono ukaandika wenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zote zimegeuka, mbio mbio, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Alipofika umri wa kutafuta riziki alipelekwa kwa Donna Ninfa, mjane mwenye kiwanda cha kupiga chapa karibu na bandari ndogo ya Palermo, mji wa kisiwani. Kazi ilikuwa kusugua mawe. Siku hizo picha zilichorwa kwa wino mzito juu ya jiwe lililosuguliwa likawa laini kama shavu, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake. Ndimu, watakatifu, chupa za mvinyo, kila kilichopigwa chapa mjini kilianzia juu ya jiwe. Na jiwe lina kiburi chake: unachokichora juu yake hutoka karatasini kimegeuka. Cha kushoto kinakuwa kulia, cha kulia kinakuwa kushoto. Mchoraji hana budi kuchora dunia nzima kinyume ili watu waione sawa.

Asubuhi moja Donna Ninfa alimkuta Liborio akiandika jina lake kwa kidole katika mchanga mbichi wa kusugulia juu ya jiwe, kwa mkono wa kushoto. Alisimama nyuma yake, akaenda kuchukua kioo, akarudi, akalisoma lile jina ndani ya kioo. Lilikuwa limenyooka, zuri, halina kasoro.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Donna Ninfa. Mkono wenyewe ndivyo ulivyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Shangazi. Huufunga kwa soksi."

Donna Ninfa alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la mchanga. Alikuwa mwanamke wa mikono minene ya kukanda mikate, na akicheka kiwanda kizima kilisimama kungoja amalize. "Mwambie shangazi yako soksi aivae miguuni," alisema. "Hapa kwetu mkono wa namna hiyo haufungwi. Unalishwa."

Tangu siku hiyo Liborio hakupita mbele ya sanamu ya mtakatifu yeyote bila kumwombea Donna Ninfa. Wengine humshukuru aliyewapa mali. Yeye alimshukuru aliyempa mkono wake mwenyewe, na nadhani deni hilo halilipiki.

Miaka ikaenda. Wachoraji wa kawaida huweka kitu mbele ya kioo, wakachora kile wanachokiona ndani ya kioo, ili wasikosee. Liborio hakuhitaji. Kioo chake kilikuwa mkononi. Ndiyo maana mwuza dawa wa mtaa ule, Don Onofrio, alipokuja na masanduku yake ya pamba, alisema, "Nipeni yule mashoto."

Don Onofrio alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuwa na dawa yake dukani: alipenda maganda ya konokono wa baharini. Tena si wote. Wale wanene, wenye miiba na rangi za kuringa, aliwaachia watalii. Yeye alitaka wale wembamba ncha zote mbili, wanene kidogo katikati, kama kile kijiti cha kusokotea nyuzi walichokuwa nacho bibi zetu. Wavuvi waliwakuta wamenasa kwenye nyavu, wakamletea, naye akawapa dawa ya kikohozi na mafuta ya mgongo. Nyumba nzima ilinuka karafuu na bahari.

Ni yeye aliyemfundisha Liborio kumsoma konokono. "Anza kileleni," alimwambia. "Hapo kwenye ncha ndipo alipokuwa mtoto mchanga. Kila mzunguko unaoshuka ni umri wake. Hizi ngumu zinazosimama ni mbavu, hizi nyembamba zinazozunguka juu ya mbavu ni nyuzi. Mdomo ni huu. Chini ya mdomo ana mkia mrefu wenye mfereji, ndimo anamovutia maji. Na ndani kabisa, ukimpasua, utaona nguzo iliyobeba nyumba yote. Nguzo ikiwa na mikunjo, ukoo huu. Ikiwa laini, ukoo ule. Watu wanatazama rangi, Liborio. Rangi inadanganya, nguzo haidanganyi."

Don Onofrio alikuwa anaandika kitabu juu ya konokono hao wa bahari ya kisiwa chao, ukurasa kwa ukurasa, jiwe kwa jiwe, na michoro yote ilikuwa ya Liborio. Na kila konokono aliyemchora alikuwa na desturi moja: ukimshika kilele kikiwa juu, mdomo ukikutazama, mdomo uko upande wa mkono wako wa kulia. Wote walizunguka hivyo. Juu ya jiwe, basi, Liborio aliuchora mdomo upande wa kushoto, ili karatasini utoke kulia. Aliufanya hivyo mara nyingi mno hata asijue kwamba anafanya.

Ndipo siku moja Don Onofrio alipoingia kiwandani na aproni yake ya dukani, hana kofia, kijiko cha mafuta ya nyonyo kingali mkononi. Alikuwa amemwacha mteja wake ameachama. Akafungua pamba mbele yao wote, ndani yake konokono mmoja.

"Mshike, Liborio. Kilele juu. Mdomo uko wapi?"

Liborio alimshika. Mdomo ulikuwa kushoto. Akamgeuza, akamrudisha. Kushoto.

"Huyu ni wangu, Don Onofrio," alisema taratibu.

"Nilijua utasema hivyo. Miaka yote hii ninawashika, sijapata mwingine."

Nunzio, fundi wa mtambo, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kanisani, akasema, "Hatimaye Liborio kapata mke."

Konokono mmoja wa namna hiyo angetosha kumlevya mtu kwa sifa. Rafiki mmoja msomi wa Don Onofrio alimhimiza ampe jina jipya, atangaze kwamba ni aina mpya, jina lake Onofrio libaki vitabuni milele. Mzee alikaa na konokono wake wiki nzima. Alihesabu mbavu, akatazama nyuzi, akapima mkia, akaitazama ile ncha ya utotoni kwa lenzi. Kisha akaja kwa Liborio, akamweka konokono mezani karibu na mwenzake wa kawaida.

"Kila kitu ni kilekile," alisema. "Mbavu zilezile, nyuzi zilezile, mkia uleule. Kazunguka upande mwingine, basi. Mtoto akizaliwa mashoto, utasema ni wa kabila jingine? Ni mtoto wa nyumba ileile. Nitaandika hivyo, na jina jipya sitaki."

Liborio aliwainua wote wawili, mmoja kila kiganja. Maisha yake yote hakuna mtu aliyekuwa amemwambia maneno hayo, na sasa yamesemwa juu ya konokono.

Mchoro wa mwisho wa kitabu ulikuwa uwe wao wawili tu, wakubwa, wamekaa bega kwa bega, wa kulia na wa kushoto, ili msomaji aone kwa macho yake kwamba ni ndugu. Na Don Onofrio alitaka ufanywe haraka, maana jicho moja lilikuwa limeshakufa na la pili daktari alisema linafunga. Alikuwa anaona saa sita mchana tu, barazani, jua likiwa kali, tena kwa pembe ya jicho.

"Maneno nitasomewa," alisema. "Lakini huyu nataka nimwone mwenyewe kwenye karatasi. Nimalizie kabla dirisha halijafungwa, mwanangu."

Liborio alichora kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumpa hata mtakatifu. Alimaliza, Nunzio akatia wino, akazungusha mtambo, akaibandua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Liborio," alisema, "ulisema hawa ni ndugu. Mbona ni mapacha?"

Donna Ninfa alikuja, akachukua ganda mkono mmoja na karatasi mkono mwingine. Hakucheka. Karatasini konokono wote wawili walikuwa na mdomo upande wa kulia. Mkono wa Liborio ulikuwa umemchukua mashoto pekee wa bahari nzima na, bila kuulizwa, ukamnyoosha.

Mazoea yana taabu, watu husema, lakini siku hiyo Liborio aliona ni zaidi ya taabu. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Yeye, aliyefungwa kwenye mguu wa kiti, ndiye aliyemfunga huyu.

Don Onofrio alikuja saa sita na fimbo yake. Hawakumficha kosa, maana pale hapakuwa na mtu wa kuficha mambo. Alikaa dirishani, akageuza shingo mpaka pembe ya jicho ikakutana na karatasi, vidole vyake vikimpapasa konokono mwenyewe pajani. Hadithi ya soksi aliijua, mtaa mzima uliijua.

"Na wewe, Liborio?" alisema. "Na wewe umemfunga soksi?"

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Nisamehe, Don Onofrio."

"Kuteleza si kuanguka. Chora tena. Ila fanya upesi."

Jiwe jipya Donna Ninfa alilisugua mwenyewe. Alikuwa mzee tayari, viungo vinamlilia, na kila aliyekwenda kumpokea alifukuzwa. "La huyu nasugua mimi," alisema, na maji machafu yakamtiririka mpaka viwikoni. Liborio akakitoa kioo ambacho hakuwahi kukihitaji, akamsimamisha konokono mbele yake, akaanza.

Juu ya jiwe, huyu mashoto alipaswa kuwa na mdomo upande wa kulia, na mkono wa kushoto wa Liborio haukuwahi kuuweka mdomo huko. Aliulazimisha, ukatii kwenye mdomo. Lakini alipofika kwenye zile nyuzi zinazozunguka, mkono ukajisahau, ukazilaza upande wake wa siku zote. Alikwangua, akaanza upya. Safari hii nyuzi zilikaa sawa, mbavu zikagoma.

"Konokono huyo anakwenda sokoni na kurudi kwa wakati mmoja," alisema Nunzio, kisha akauona uso wa mwenzake, akanyamaza. Nunzio kunyamaza si jambo dogo.

Siku zilipita hivyo. Barazani kwa mwuza dawa watu walianza kuona kwamba mzee haitikii mpaka useme jina lako. Liborio akipita upande wa pili wa barabara aliinamisha kichwa, japo alijua haonekani, na hilo la kutoonekana ndilo lililomtafuna.

Ikafika sikukuu ya Rosalia, mtakatifu wa mji, katikati ya joto la Julai, na kama kila nyumba ya Palermo, meza ya Shangazi Brigida ilikuwa na sinia la konokono wadogo wa nchi kavu waliopikwa kwa vitunguu saumu na kotimiri. Shangazi alikuwa amezeeka, hana meno ya kutosha kujaza tabasamu, akiishi nyumbani kwa Liborio sasa. Hakuwa amebadilika. Liborio alipoupeleka mkono wa kushoto kwenye mkate, akachapwa kofi la vidole.

"Kula kwa mkono wa watu."

"Shangazi, nina mvi."

"Mvi zako zinanihusu nini? Mimi naongea na mkono."

Basi akala kwa mkono wa kulia, kama siku zote mezani kwake. Akachukua konokono mmoja, akamfyonza, akabaki na ganda mkononi akiligeuza geuza, mawazo yakiwa kiwandani. Tone la mvinyo mwekundu lilikuwa limeanguka mezani. Akachovya kidole cha kushoto, akachora konokono: mdomo kushoto. Akafuta. Akachora tena akikusudia kabisa kulia: mdomo ulikwenda kulia, mizunguko ikakataa.

Kisha, bila kujua kwa nini, akachovya kidole cha mkono wa kulia.

Mkono huo haukuwahi kuchora konokono maishani mwake. Ulichojua ni kuandika barua za serikali na kula mezani kwa shangazi. Haukuwa na mapenzi na kazi hiyo, haukuwa na mazoea, haukuwa na maoni. Liborio aliutaka uuweke mdomo kulia, ukauweka kulia. Aliutaka uzilaze nyuzi upande ule, ukazilaza. Taratibu, kwa unyoofu, kama karani anayenakili hati isiyomhusu. Mezani pakawa na konokono wa mvinyo, kamili.

"Unanichafulia meza," alisema shangazi.

"Ndiyo, shangazi," alisema Liborio, akambusu kipajini. Shangazi akalipangusa lile busu kana kwamba ni nzi.

Kesho yake asubuhi alikaa mbele ya jiwe la Donna Ninfa, akauweka mkono wa kushoto mfukoni mwa koti, wenyewe, pasipo soksi, akachukua kalamu kwa ule wa kulia. Ulikwenda polepole mno. Wa kushoto ungemaliza ndugu wote wawili kabla wa kulia haujamaliza kilele. Lakini haukukosea mahali. Ulifuata kioo mstari kwa mstari, uzi kwa uzi, ubavu kwa ubavu, mpaka ncha ya mkia. Donna Ninfa alipita nyuma yake mara nyingi, akatazama, akaendelea na kazi zake. Ndugu wa kawaida, yule wa mdomo wa kulia, alimwachia mkono wa kushoto, na huo ukamchora kwa raha zake kabla ya chakula cha mchana.

Nunzio aliibandua karatasi, akaiinua dirishani. Safari hii hakutania. "Nenda," alisema, "jua liko juu."

Liborio alivuka barabara na karatasi bado mbichi, ameishika kwa ncha za vidole. Don Onofrio alikuwa barazani, uso umeelekea mwanga.

"Nabusu mikono, Don Onofrio," alimsalimu kwa desturi ya mji. "Ni Liborio."

"Nimekujua kwa harufu ya wino. Ilete huku. Hapana, huku kwenye jua. Sogeza. Hapo."

Mzee aligeuza shingo. Alitafuta kwa pembe ya jicho, akakosa, akatafuta tena, na Liborio akaona dalili ya hofu katika uso ule, akafikiri: nimechelewa. Kisha shingo ikasimama. Vidole vya Don Onofrio vikampokea konokono ambaye Liborio alikuja naye mfukoni, vikamlaza juu ya karatasi karibu na mchoro wake, kilele kwa kilele, mdomo kwa mdomo.

"Huyu hapa," alisema.

Akatazama. Akamtazama ndugu yake, akarudi kwake. Baadaye akasema, "Lakini mkono huu siujui. Huyu wa kulia ni kazi yako, namwona anavyotembea. Huyu wa kushoto kachorwa na nani? Amekaa kwa heshima kama yuko kanisani."

"Ni mimi vilevile, Don Onofrio. Ni ule mkono wa shangazi."

Mzee alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia kikawa machozi, akayaacha yateremke bila kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika karatasi. Liborio naye alilia, tusifiche. Walikaa hivyo mpaka jua lilipohama kwenye baraza, na hata lilipohama Don Onofrio hakutaka kuiachia. Vuli ilipoingia lile jicho lilifunga kabisa. Kwa miaka aliyobakiwa nayo aliwaambia wateja wake, huku akipima dawa kwa vidole, kwamba ameshukuru sana, kwamba wapo watu wenye macho mazima ambao hawajawahi kuona kile walichotaka kukiona.

Siku ile ya karatasi Liborio alipita kwa mwokaji, akanunua mkate wa ufuta ukiwa moto, akaenda nyumbani. Shangazi Brigida alikuwa mlangoni akimenya maharage.

"Shangazi, asante."

"Ya nini?"

"Ya soksi."

Mikono ya bibi kizee ikasimama ndani ya bakuli. Hakuinua macho. "Miaka yote hii," alisema, "nilijua unanichukia kwa ile soksi."

"Nilikuchukia, shangazi."

"Na sasa?"

"Sasa nimekuletea mkate."

Akamnyooshea, kwa mkono wa kushoto. Shangazi aliutazama ule mkono kwa muda, kisha akaupokea mkate, wala mkono hakuupiga.